Mfumo Mpya kwa Mashine ya Mhasibu Mkuu

Kazi yote iligharimu shilingi elfu mbili na mia tano. Elfu moja na mia tano za kumbukumbu ya ziada, kile kipande chembamba kinachoipa mashine nafasi ya kufikiri. Mia saba za feni. Mia tatu za boda boda ya kunipeleka mtaa wa Free Area na kunirudisha. Kazi ya mikono sikuitoza. Nimejumlisha kutoka juu kwenda chini, kisha kutoka chini kwenda juu, na jibu ni lile lile. Katika miaka yangu yote ya kupatana bei hapa Nakuru, sijaona mtu akifungiwa kiwanda kizima cha mbao kwa pesa kidogo namna hiyo.

Nyinyi mnaoanza kazi hii leo mtasema kubadilisha mfumo ni kazi ya kikombe kimoja cha chai. Unachomeka, unabonyeza, unasubiri, unachukua pesa. Ni kweli. Lakini mimi niliingia kazini wakati chai ilikuwa inapoa, inapashwa moto, na inapoa tena.

Siku yangu ya kwanza ilikuwa Jumatatu, ghorofa ya pili katika jengo moja la mjini ambalo sasa linauza mapazia. Nilikuwa na cheti cha kupiga chapa na viatu vya kuazima. Meneja wa ofisi, mtu mwembamba aliyevaa tai hata mvua ikinyesha ndani, alinionyesha mashine juu ya meza.

"Nyambura, hii ni nini?"

"Ni kompyuta, Meneja."

"Hapana. Hilo ni sanduku. Litakuwa kompyuta tukishaweka mwenye nyumba ndani."

Mwenye nyumba, kwa maneno yake, ni mfumo endeshi: ile programu kuu inayoamka kwanza na kuzitawala nyingine zote. Programu nyingine ni wapangaji. "Sasa wewe ukimfukuza mwenye nyumba," aliniambia, "wapangaji wote wanatolewa nje na vitanda vyao. Wengine watarudi. Wengine hawarudi. Usisahau hilo ukiwa na haraka."

Siku hizo mfumo ulikuja kwa disketi, vile visahani bapa vya plastiki, rundo zima, kila moja na namba yake. Unaingiza ya kwanza, mashine inaitafuna, inaomba ya pili. Ikikosekana moja, hata ya mwisho kabisa, umefanya kazi bure. Ukiwa Njoro kwa mteja na disketi imebaki mjini, utarudi mjini kwa nauli yako mwenyewe. Nilirudi mara moja tu. Kuanzia hapo nilihesabu nikitoka na nikahesabu nikifika, na tabia hiyo ikanishika hata sokoni. Wauza viazi wa Nakuru hawanipendi.

Baada ya miaka kadhaa nilipata kazi Elburgon, kwenye kiwanda cha mbao. Cheo changu kilikuwa Karani wa Mitambo, maana yake nilikuwa mtu pekee asiyeogopa kufungua kompyuta. Adui yetu hapo alikuwa unga wa mbao. Unaingia kila mahali, unalala juu ya feni, mashine inapata joto na kuzima katikati ya hesabu. Nilikuwa nazipuliza kwa pampu ya baiskeli kila Ijumaa. Mkurugenzi alipita siku moja akaniona nimeinama na pampu, akauliza kama kompyuta pia hupata pancha. Nikamwambia hiyo ni ile ya kwake.

Mkubwa wangu alikuwa Mhasibu Mkuu. Alikuwa mzee wa Kikipsigis, mrefu, sweta ya kijivu mwaka mzima kwa sababu ya baridi ya Mau, penseli nyuma ya sikio. Hakuwa mkali, ila alikuwa na subira inayotisha. Ukimletea jumla, anakutazama.

"Wewe msichana, umehesabu ama umebahatisha?"

"Nimehesabu, Mzee."

"Mara ngapi?"

"Mbili."

"Basi kaa chini tunywe chai."

Ndiyo maana tulielewana.

Huyu ndiye aliyeleta programu ya mbao. Kulikuwa na jamaa mmoja wa Nakuru, tulimwita Mtaalamu, aliyekuwa akiandika programu kwa ajili ya viwanda. Alitutengenezea yetu: unaingiza urefu wa gogo, unene wake, namba ya lori, na programu inakwambia litatoa mbao futi ngapi. Saa kumi jioni unabonyeza kitufe cha kufunga, inajumlisha siku nzima, kisha inaandika katikati ya skrini nyeusi: HESABU YA LEO IMEFUNGWA. WATU WATOKE.

Maneno hayo aliyataka Mhasibu Mkuu mwenyewe. Kiwandani kwetu ilikuwa sheria kwamba hakuna mtu anayetoka getini hesabu haijafungwa, kwa sababu gogo likipotea, ni heri litafutwe wakati wote wako ndani. Kwa hivyo kila jioni watu walikusanyika uani wakipangusa vumbi, nasi tukiwa ofisini. Programu ikishaandika, Mhasibu Mkuu alikuwa anasimama, anavaa koti, anafungua dirisha na kusema kwa sauti ya kawaida tu, "Watu watoke." Kelele zilizofuata hapo, za msumeno si kitu.

Siku ya kununua programu hiyo tulikaa na Mtaalamu tangu asubuhi hadi chakula cha mchana. Bei yake ilikuwa na sehemu mbili. Sehemu ya kwanza, programu yenyewe, ikiwekwa kwenye mashine moja na kufungwa humo, ili tusiigawie viwanda vya jirani. Sehemu ya pili aliiita disketi mama, ambayo ingeweza kuiweka programu kwenye mashine yoyote wakati wowote.

"Disketi mama ya nini?" Mhasibu Mkuu akauliza. "Mashine yangu inaenda wapi?"

"Mzee, mashine huzeeka."

"Hata mimi nazeeka, na sijauziwa mwingine wa akiba."

Mtaalamu akacheka, nami nikaona amelegea. Nikamwongezea: "Boss, ondoa hiyo disketi, utupe bei ya watu." Akaiondoa. Tulishinda. Tulipopata mashine mpya miaka ya baadaye, Mtaalamu alikuja mwenyewe akaihamisha programu, akalipwa nauli na kuku wawili, na bado tukahesabu kwamba tumeshinda. Ukipatana bei vizuri, unahisi umepewa kitu, kumbe kilichotokea ni kwamba kuna kitu hukupewa.

Kiwanda kilifungwa. Sitaeleza sana, magogo yalipungua, malori yakapungua, halafu siku moja hakukuwa na kitu cha kuingiza. Mhasibu Mkuu alidai malipo yake ya miaka mingi, wakampa mashine ya ofisini na meza yake. Aliibeba kwa mkokoteni hadi nyumbani.

Mimi nikashuka Naivasha, kwenye shamba la maua, nikapanga chumba kimoja Karagita. Huko kulikuwa na Msimamizi wa Ofisi, mama mmoja kijana mwenye haraka, ambaye aliniamuru kubadilisha mfumo kwenye mashine zote za shamba. "Futa kila kitu, Nyambura, tunataka mwanzo safi." Hiyo ndiyo mnayoita kuweka upya kwa kusafisha: hupandishi mfumo mpya juu ya wa zamani, unaufuta wa zamani wote, unapiga fomati diski, yaani unaifuta na kuipanga kama shamba jipya, kisha unaanza. Ni njia bora, sibishani. Uchafu wa miaka unaisha, virusi wanaisha, mashine inakimbia. Lakini niliona jambo shambani pale: anayeagiza mwanzo safi mara nyingi siye anayekaa mbele ya mashine. Karani wa mishahara alikaa siku nzima akitafuta kikokotoo chake kilichokuwa pembeni kushoto. Kilikuwepo, kulia. Aliniangalia kana kwamba nimemhamishia jiko.

Nilirudi Nakuru, nikafungua kibanda changu na kufanya kazi hadi macho yakakataa. Hapo ndipo niliwajua watu wetu. Mteja analeta mashine, unamwambia kuweka mfumo ni elfu moja, kuhamisha vitu vyake kabla ya kufuta ni mia tano juu. Anatabasamu.

"Hakuna kitu ndani, mathe. Piga tu."

"Picha?"

"Hakuna."

"Barua za kazi?"

"Aai, mathe, kwani wewe ni polisi? Nimesema hakuna kitu."

Kesho yake amerudi analia picha za harusi. Alisema hakuna kitu kwa sababu ya mia tano. Baada ya machozi ya kutosha nikaacha kuuliza. Nilikuwa nahamisha kila kitu kimya kimya, nahesabu faili kabla, nahesabu baada, na namba zikilingana ndipo nafuta. Mteja akija analia, namuuzia utulivu kwa mia saba. Zile mia mbili za ziada ni za uongo wake.

Kwa hivyo msinifikirie mgeni wa kazi hii.

Nilikuwa nimeshafunga kibanda, niko nyumbani nachambua maharagwe, aliponijia Chebet, binti wa Mhasibu Mkuu. Ni mwalimu hapa mjini. Nilimwacha Elburgon akiwa na meno ya maziwa.

"Shikamoo, mathe. Baba amekutaja."

"Amesemaje?"

"Mashine ikikwama anasema, 'Muiteni Nyambura.' Nimeuliza kila mahali Nyambura ni nani."

Akanieleza. Mhasibu Mkuu alikuwa ameanza kusahau tangu mama yao alipofariki. Kwanza majina, halafu njia, halafu miaka. Chebet alimleta kwake Free Area, akakataa kuja bila mashine, ikabidi ije. Kila asubuhi anaiwasha, anafungua programu ya mbao, anaingiza magogo. Magogo gani? Yoyote anayoyakumbuka. Anaingiza hadi saa kumi, anabonyeza kufunga, programu inaandika maneno yake, Mzee anasimama, anavaa koti, anafungua dirisha na kuwaambia majirani wa Free Area watoke. Kisha anakula, analala vizuri.

"Lakini siku hizi inakwama," Chebet akasema. "Ikikwama kabla ya saa kumi, hataki kula. Juzi alitoka kutafuta ofisi, tukampata kwenye barabara kuu akiwauliza watu wa boda kiwanda kiko wapi. Mathe, gari lilikuwa limgonge. Nisaidie isikwame tena. Hiyo tu."

Nilikwenda. Mhasibu Mkuu alinitazama muda mrefu.

"Umechelewa," akasema.

"Samahani, Mzee."

"Pampu iko wapi?"

Nilitoka nje kidogo, nikajifanya natafuta pampu.

Niliipima mashine. Diski ilikuwa nzima. Kilichooza kilikuwa mfumo wenyewe: wa zamani sana, umejaa virusi kutoka kwenye flashi za wajukuu, vile vijiti vya kubebea faili, faili zake nusu zimeharibika. Chebet akauliza kama anunue diski mpya. Nikamwambia diski ni nzima, usitupe pesa. Nikahamisha kila kitu cha Mzee, pamoja na programu ya mbao yenyewe, folda nzima. Nikahesabu faili, nikahesabu tena. Zililingana. Nikapiga fomati. Nikaweka mfumo mwepesi, feni mpya, kumbukumbu ya ziada. Nikarudisha kila kitu mahali pake, hata alama ya programu nikaiweka juu kushoto pale ilipokuwa. Mashine iliwaka kabla sijamaliza kukaa.

"Mathe, we ni noma," Chebet akasema, akanishika mabega.

Nikabonyeza programu ya mbao. Ikafunguka, skrini nyeusi kama zamani. Nilikuwa nimeanza kutabasamu ilipoandika: MASHINE HII HAIJAIDHINISHWA. WASILIANA NA MUUZAJI.

Ninawaeleza kilichotokea, kwa sababu hata nyinyi wengi hamkijui. Diski ikipigwa fomati hujipatia namba mpya, kama mtoto mchanga anavyopewa jina. Mtumiaji haioni wala haihitaji. Mtaalamu alikuwa ameifungia programu yake kwenye namba hiyo, na disketi mama, ambayo ingeiweka upya, sisi tulikataa kuinunua. Kila asubuhi kwa miaka yote ile programu iliiuliza diski, "Wewe ni nani?" na diski ikajibu vizuri. Sasa ilijibu kwa jina lingine.

Nilimtafuta Mtaalamu. Alishafariki. Mjane wake, mama mpole anayeishi Lanet, aliniambia disketi zote walipewa watoto wachezee, na zilizobaki zilikwenda na takataka walipohama.

Nilijaribu njia nyingine. Nilikaa siku mbili nikatengeneza kiprogramu kidogo: skrini nyeusi, nafasi za kuingiza urefu na unene, na jioni maneno yale yale kwa herufi zile zile. Nilijisifu kidogo. Chebet akamketisha baba yake. Mzee akaingiza gogo la kwanza, akasita mkono ukiwa hewani.

"Hii haijauliza lori."

Nikaongeza lori. Kesho yake akaingiza tena. Saa kumi akabonyeza, maneno yakatokea. Akayasoma. Akayasoma mara ya pili.

"Nyambura."

"Naam, Mzee."

"Jumla iko wapi ya jana?"

Programu ya zamani ilikuwa ikibeba jumla ya jana kwenda leo, tangu siku ya kwanza ilipowekwa kiwandani. Faili zile ninazo, lakini zimefungwa pamoja na programu. Haziwezi kusomwa na kingine. Niliweka namba ya kubuni. Mzee akatikisa kichwa taratibu, kama alivyokuwa akifanya karani akimletea jumla ya kubahatisha. "Hii si yetu," akasema. Hakuvaa koti.

Tangu siku hiyo hajafunga hesabu. Mashine haikwami tena. Inakimbia kama mpya, hivyo ombi la Chebet nimelitimiza. Mzee hukaa mbele yake asubuhi, anaitazama, haingizi kitu. Saa kumi ikifika anaanza kuhangaika. Anakwenda dirishani, anarudi. Hali chakula hadi usiku sana, na akilala ni kitini, kwa sababu mtu hawezi kwenda nyumbani hesabu ikiwa wazi. Amepungua. Wiki iliyopita Chebet alinipigia simu akaniuliza kama kuna dawa, mwalimu mzima, kana kwamba mimi ni daktari. Wa hospitali alikuwa ameshamwambia kwamba ugonjwa huu huenda hivyo. Chebet hakubaliani. Anasema alikuwa anakula.

Mimi siku hizi nina nafasi ya kufikiri. Nimeweka mifumo mingi kuliko ninavyoweza kuhesabu, nami ni mtu wa kuhesabu. Kazi hii nimeipenda. Nilifundishwa kwamba vitu vya mtu ni faili zake, na nikafundisha wengine hivyo. Sasa naona kuna watu ambao kitu chao si faili hata moja. Ni mpangilio tu, saa fulani, sentensi fulani inayokuja yenyewe bila kuombwa. Hicho hakina mahali pa kukihamishia. Mkienda kwa wateja, hasa wazee, kaeni nao siku moja kabla ya kugusa mashine. Muone wanafanya nini saa kumi.

Nimesikia ikisemwa kwamba namba ya diski iliyofutwa huacha alama mahali fulani, ndani ya faili nyingine ndogo, na kwamba anayejua pa kutazama anaweza kuisoma na kuirudisha. Aliyenieleza hakujua ni faili gani. Zote za Mzee ninazo, nimezitunza. Kama mmoja wenu anajua, anitafute, ataje bei yake, nami sitamwomba apunguze hata shilingi.

Na kama hakuna anayejua, basi nishaurini kuhusu hili, maana nakwenda Free Area karibu kila jioni kumpa Chebet nafasi ya kusahihisha madaftari. Ikifika saa kumi Mhasibu Mkuu hunigeukia na kuuliza kama hesabu imelingana na kama watu watoke. Ukitoa ile namba ya kubuni, aliyoikataa mwenyewe, hajawahi kudanganywa na mimi. Nimjibu nini?